Pointi Elfu Kumi za Kwenda kwa Mama

Nchi yetu ilikuwa na jina. Lilipelekwa wizarani kufanyiwa marekebisho madogo na mpaka leo halijarudi, kwa hiyo mtanisamehe nikiiita nchi yetu tu. Ni nchi nzuri. Tuna reli moja, misimu miwili ya mvua, na duka moja kubwa liitwalo Neema, lenye tawi katika kila kituo cha treni. Duka na treni ni mali ya mtu mmoja. Huyo naye simtaji jina. Lake halikupelekwa popote. Ni woga wangu tu.

Ninaandika haya kwa sababu kina mama wengi wananiuliza: Mama Hidaya, hii Kadi ya Neema ina faida au haina? Tuchukue, tusichukue? Mimi sipendi kumkatisha mtu tamaa. Basi nitaeleza yaliyonikuta, taratibu, nikiwa nimekaa, maana siku hizi nikisimama huwa nasahau nilichosimamia.

Jambo lenyewe lilianza na nywele za mwanangu.

Kwetu, nywele za kwanza za mtoto hunyolewa na mama mzaa mama, kwa mkono wake mwenyewe. Si kinyozi, si shangazi. Mama yangu anaishi Ukingoni, mwisho wa reli, siku mbili kutoka hapa mjini. Nauli ya kwenda na kurudi ni mshahara wa mwezi mzima wa Baba Hidaya, ambaye kazi yake ni kuchomelea mageti ya watu wenye vitu vya kuibiwa. Tukawa tunasema mwezi ujao, mwezi ujao. Hidaya akafikisha miezi mitano, sita, saba. Nywele zikamfunika masikio, zikashuka usoni, wageni wakawa wanamsalimia kisogoni.

Kisha mama akapiga simu.

"Mwanangu, jana nimetia chumvi kwenye chai. Nikanywa nusu kikombe ndipo nikajua."

"Pole, mama. Macho tena?"

"Ukungu, mwanangu. Daktari kasema mvua za vuli zikiisha, na mimi nimekwisha kuona. Sasa mjukuu wangu kazibwa macho na nywele, mimi yananiziba yenyewe. Mlete kabla hatujawa vipofu sote wawili. Wembe hauchezewi."

Nikasema tutakuja. Sikusema kwa nauli gani.

*

Wiki ileile Neema wakazindua kadi. Waziri wa Pointi na Safari, Mheshimiwa Daktari Daktari Ngwali (ni daktari mara mbili, inasemekana mara ya kwanza haikushika), alihutubia akiwa amesimama juu ya kaunta ya samaki wa barafu.

"Ndugu wateja! Zamani mwananchi alinunua unga, akala unga, unga ukaisha. Yale yalikuwa maisha ya giza! Leo mwananchi atanunua unga, atakula unga, unga utaisha, lakini pointi zitabaki! Nauliza, ni nchi gani nyingine duniani ambako mtu mwenye njaa ana akiba?"

Tukapiga makofi. Samaki walikuwa wameanza kuyeyuka, ikabidi hotuba ifupishwe ikawa ya saa mbili.

Habari kubwa ilikuwa hii: pointi elfu kumi, tiketi ya bure, kwenda na kurudi, popote reli inapofika. Nikamtazama Hidaya. Naye akanitazama kupitia nywele zake. Nikachukua fomu.

Fomu iliuliza jina langu, la baba, la babu, sabuni ninayoipenda, na sabuni aliyoipenda babu. Nikajaza yote. Jioni nikamwonyesha Baba Hidaya kadi, inang'aa, ina picha ya familia inayocheka ndani ya treni.

"Mke wangu," akasema, "duka halijawahi kumpeleka mtu kwa mama yake."

"Hili litampeleka, baba. Imeandikwa."

"Imeandikwa kwa herufi kubwa au ndogo?"

"Kubwa. Ndogo zipo huku chini, lakini pale dukani sikuwa na mwanga."

*

Sisi tunaoishi vyumba vya kupanga tunanunua kwa kipimo. Gengeni utapimiwa mafuta kikombe, utakatiwa sabuni kipande, utachaguliwa nyanya tatu na ya nne ya kukupoza moyo. Neema hawapimi. Tena pointi haziji kwa kila kitu. Zinakuja kwa vitu vyenye lebo ya njano. Unga haukuwa na lebo ya njano. Mchele haukuwa nayo, wala sukari. Nilizunguka duka zima na mtoto mgongoni, nikaikuta lebo ya njano kwenye mpira wa kumwagilia bustani, maua ya plastiki, dawa ya kung'arisha sakafu, nepi, na chakula cha mbwa.

"Dada," nikamwambia wa kaunta, "mimi sina mbwa."

"Pointi hazibagui, mama."

"Lakini kitaliwa na nani?"

"Kwani wewe unataka kula au unataka kusafiri?"

Swali zuri. Nikanunua. Pointi thelathini. Chakula chenyewe tuliwapa kuku wa jirani, wakanenepa, na baada ya wiki mbili wakawa hawapishi mtu uchochoroni.

Mwisho wa mwezi nilikuwa na pointi tisini. Baba Hidaya akapiga hesabu kwa kidole ukutani. Kwa mwendo ule tungesafiri Hidaya akiwa darasa la nne.

*

Wanawake kumi wa bomba moja la maji tuna upatu wetu tangu zamani. Kila Jumamosi kila mmoja anatoa chake, mmoja anachukua chote, zamu kwa zamu. Kijumbe wetu, yaani anayekusanya na kugawa, ni Bi Sikudhani, mjane mwenye sauti ambayo shule ya jirani waliwahi kuiazima kengele yao ilipoibwa.

"Jamani," akasema siku hiyo, ndoo kichwani, "huyu mtoto amekuwa kama fagio la makuti. Tutamtazama mpaka lini? Hizo pointi nazo si kitu? Basi tuzichezee upatu."

"Pointi zinachezwaje, shoga?" akauliza Tatu, ambaye mumewe alikwenda kutafuta kazi mji mwingine na bado anaitafuta.

"Kila anayekwenda Neema atoe kadi ya Mama Hidaya, si yake. Zikifika elfu kumi, aende kwa mama yake huyu mtoto akanyolewe. Kisha tunahamia kadi yako, ukamsumbue mumeo huko aliko."

Tukacheka, tukakubaliana. Upatu wa pesa tukausimamisha kidogo, maana pesa zote sasa zilikwenda kwenye lebo za njano. Hatukuona kosa. Sisi ndivyo tulivyolelewa: kitu kikiwa kidogo kwa watu kumi, kikusanywe kimtoshe mmoja, kesho mwingine. Wenzangu tisa walikuwa na kadi zao, kwa sababu bila kadi mlinzi hakuruhusu uingie. Walimwonyesha mlinzi kadi yao, wakamwonyesha wa kaunta kadi yangu.

Wakanunua, masikini. Tatu alirundika chupa kumi na tisa za dawa ya kung'arisha sakafu, na sakafu yake ni ya udongo. Bi Sikudhani alipamba chumba chake maua ya plastiki mpaka nyuki wakaingia, wakakasirika, wakaondoka. Nami kila jioni nilihesabu pointi na kumwambia Hidaya sikioni: bado kidogo, mama, bado kidogo. Pointi zilipofika elfu tisa, mvua za vuli zikaanza.

*

Asubuhi moja akaja mtu mwenye faili. Alijitambulisha kuwa ni Bwana Mkadamu, Afisa Mhakiki wa Mahitaji. Akaingia, akatafuta chumba cha pili, hakukiona.

"Nepi, paketi ishirini na nne kwa wiki," akasoma. "Dawa ya sakafu, chupa sita. Chakula cha mbwa, kilo kumi na nane. Mbwa yuko wapi?"

"Ametoka," akasema Bi Sikudhani, ambaye alikuwa amekwisha kufika mlangoni.

"Na watoto?"

"Ni huyu mmoja, bwana," nikasema.

Akamtazama Hidaya muda mrefu. "Paketi ishirini na nne. Mtoto mmoja."

"Ana juhudi," akasema Bi Sikudhani.

Nikajua nimekwisha. Nikamkumbatia mwanangu, nikaanza kufikiri jela wanaruhusu watoto wa miezi mingapi. Lakini Bwana Mkadamu alitoa kitambaa, akajifuta macho. Alikuwa analia kwa furaha. Akasema kwa miaka mitatu wizara imemtafuta mwananchi mmoja tu anayeishi vizuri, imemtafuta kwa magari na kwa helikopta, na kumbe yuko hapa, chumba kimoja, karibu na bomba.

Siku ya tatu akaja Waziri mwenyewe na tarumbeta saba. Nikavalishwa mkanda mwekundu ulioandikwa MTEJA WA TAIFA.

"Wapo wanaosema maisha ni magumu!" akanguruma Daktari Daktari Ngwali. "Mtazameni mama huyu! Mume fundi, mtoto mmoja, na ananunua kama kambi ya jeshi! Kwa hiyo ndugu zangu, asiyenunua hivi, tatizo si bei. Tatizo ni moyo!"

Kesho yake bei ya mkate ikapanda, kwa kuwa ilikuwa imethibitishwa kwamba tunaimudu. Majirani hawakunisema. Walinitazama tu nikipita, na mimi nikawa napita haraka.

*

Pointi zilitimia elfu kumi siku ya Alhamisi. Siku hiyohiyo mama alipiga simu, akasema sasa dirisha analiona, ila aliyesimama dirishani hamwoni. Nikambeba Hidaya, nikatembea mpaka Neema kwenye mvua, nikaweka kadi kaunta.

"Naomba tiketi ya Ukingoni."

Yule dada akabonyeza kwa muda mrefu. "Mama, pointi zako bado hazijakomaa. Zinakomaa baada ya siku tisini."

"Sawa, zitanisubiri?"

"Hapana. Zinaisha muda baada ya siku sitini."

Nikafikiri labda ni uchovu wangu. Nikamwomba arudie, akarudia.

"Sasa, dada yangu, zinatumika lini?"

"Katikati."

"Katikati ya sitini na tisini?"

"Mama, mimi ni wa kaunta. Katikati iko makao makuu."

Nikamwonyesha ule mkanda mwekundu, nilikuwa nao kwenye mkoba, nimefungia chupa ya uji. Akasimama kwa heshima. Akaniambia kumbe Mteja wa Taifa ni daraja la dhahabu, na wa dhahabu hawahusiki na kukomaa. Akaendelea kusema kwamba wa dhahabu tiketi yao ni pointi elfu ishirini, kwa sababu wanakaa behewa lenye viti vya mito.

"Mimi nitakaa cha mbao," nikasema. "Nitasimama."

"Haiwezekani, mama. Itakuwa ni kukudhalilisha."

Hidaya akaanza kulia, nywele zimemwingia mdomoni. Nikamtoa unywele mmoja mmoja pale kaunta. Nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu na kila mtu ameshika chakula cha mbwa.

*

Niliporudi nilikuta kelele bombani. Zilikuwa zimekuja barua tisa. Bi Sikudhani alikuwa amesimama juu ya ndoo anasoma yake.

"'Kwa wafiwa wa marehemu Sikudhani Makame,'" akasoma. "'Kwa masikitiko makubwa Wizara imebaini kwamba mpendwa wenu hajanunua kitu chochote kwa siku sitini. Kwa kuwa binadamu hawezi kuishi hivyo, tunawapa pole.'" Akatutazama. "Nimekufa tangu Jumanne, na nyinyi mnaniacha nachota maji!"

"Hata mimi nimekufa," akasema Tatu kwa unyonge, akiishika yake. "Mume wangu akisikia ataoa."

"Ameshaoa huyo, tulia." Bi Sikudhani akageuza karatasi. "'Hata hivyo Serikali haimtupi mteja. Marehemu atasafirishwa bure kwa treni mpaka popote wafiwa watakapochagua kumzika, pamoja na mfiwa mmoja. Mfiwa, kwenda na kurudi. Marehemu, kwenda tu.'"

Akanyamaza. Tangu nimfahamu sikuwahi kumsikia akinyamaza. Akaisoma tena kimoyomoyo, midomo ikichezacheza.

"Mama Hidaya. Kwenu ni wapi vile?"

"Ukingoni."

"Mimi nizikwe huko."

"Bi Sikudhani, jamani! Na kurudi je?"

"Kurudi nitalipa nauli kama watu. Jumamosi upatu wa pesa unarudi palepale, zamu ya kwanza yangu, mnitumie."

"Tungeucheza huo tangu mwanzo," akasema Tatu, "si angekuwa ameshakwenda na kurudi?"

Kila mmoja akainamia ndoo yake.

*

Kituoni karani aliipokea barua, akaisoma pande zote mbili.

"Marehemu yuko wapi?"

"Ndiye mimi," akasema Bi Sikudhani.

Karani akamtazama, akatazama mwongozo, akafunua kurasa mbili tatu. Mwongozo haukusema marehemu awe katika hali gani.

"Na hili kapu?"

"Mihogo."

"Marehemu haruhusiwi mzigo."

"Basi ni la mfiwa."

Akagonga muhuri. Akanipa pole kwa sauti ya kazini, nikamshukuru.

Tulipita ubavuni mwa behewa la dhahabu. Viti vina mito myekundu, feni inazunguka polepole, hakuna mtu hata mmoja. Behewa la misiba lilikuwa la mwisho. Nilishika mkono wa Bi Sikudhani, nikijua nitakuta majeneza. Nikafungua mlango.

Lilikuwa limejaa. Wazee, kina mama, wanafunzi wenye sare, wote wamekaa wanamenya machungwa. Tulibanwabanwa tukapata nafasi karibu na bibi mmoja anayefuma kofia.

"Wewe umekufa lini, mwenzangu?" yule bibi akamuuliza Bi Sikudhani.

"Jumanne. Wewe?"

"Mwezi uliopita. Nyumba nzima tulikuwa tunatumia kadi ya shemeji yangu, ili apate blenda."

"Akaipata?"

"Wamempa mkanda."

Mkaguzi alipopita alivua kofia. "Poleni na msiba," akasema. "Tumeshapoa," likajibu behewa zima, na wengine wakamkaribisha chungwa.

Basi mnaoniuliza kuhusu kadi, nawajibu hapa, nisije nikasahau. Kama ungekinunua kitu hata pasipokuwa na kadi, itoe kadi, haidhuru. Lakini kama una safari, kusanya nauli. Na kama huwezi kukusanya peke yako, kusanyeni kumi, na kiwe kitu ambacho karani wa kituo anakipokea. Waliobaki wenye haraka wasubiri wafe. Mimi nilisafiri hivyo na nilifika salama.

*

Mama alikuwa kibarazani. Alisikia hatua, akainua uso, lakini akauelekeza pembeni kidogo yangu, penye nguzo.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Na huyo mwenzio nani?"

"Ni Bi Sikudhani. Ni marehemu."

"Karibu, marehemu. Umekula?"

"Tangu jana mihogo tu, mama yangu."

"Basi kaa, chakula kipo."

Mvua zilikuwa hazijaisha, zilibaki siku chache, lakini ukungu haukuzisubiri. Nikamwuliza mama kama tumechelewa. Aliagiza maji ya vuguvugu na wembe mpya, akaketi mkekani, akampakata Hidaya. Vidole vya mkono wa kushoto vikatangulia kwenye kichwa cha mtoto, vikipapasa, vikisimama penye utosi, na wembe ukafuata nyuma yake taratibu. Bi Sikudhani alishika taya za Hidaya kwa viganja viwili.

Nywele zikawa zinadondoka mafungu mafungu. Likatokea sikio, kisha la pili. Likatokea paji la uso. Nikajua kwamba kwa miezi mingi nilikuwa sijauona uso wa mwanangu wote kwa mara moja.

"Amefanana na nani?" akauliza mama.

Nikatazama kwa makini, nimtazamie na yeye.

"Na wewe, mama. Paji hili ni lako. Hata akikunja, anakunja kama wewe."

"Maskini wa Mungu," akasema, "na mimi nilikuwa namwombea mema."

Akacheka. Akauinua wembe juu, mbali na mtoto, akangoja kicheko kimwishe. Kisha vidole vyake vikarudi kichwani kwa Hidaya, vikaendelea kutafuta zilizobaki.